Rangi ya Kucha za Mwanahawa

Juma lililopita niliwaacha mlangoni. Twaha kashika begi mkono wa kushoto, na mkono wa kulia kashika vidole vya mwanangu Mwanahawa, anavitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani kwake. Naendelea pale pale.

Wewe uliyeanza kunisoma leo, shika haya tu. Mwanahawa ni binti yangu wa kwanza, ameolewa hapa Songea, Majengo. Mumewe Twaha ananunua mawe ya vito, kazi yake iko Tunduru, anakwenda na kurudi. Mimba yao ya kwanza ilitoka. Sasa alikuwa na ya pili, changa, tumbo halijaanza kuonekana, na mimi nilikuwa nimeshuka kutoka kwangu Matogoro kuja kumpikia, maana alikuwa anatapika kila kitu isipokuwa dagaa wa Nyasa.

Halafu kuna jambo la kucha. Mwanangu anajisitiri, hilo hata wasiompenda wanakubali. Juba mpaka kwenye kifundo cha mguu, ushungi mpaka kifuani. Lakini urembo anaupenda. Wanja anapaka, poda anapaka, juba lenyewe lazima liwe na mkono wa lesi. Na kucha nyekundu.

Sisi Waislamu tunajua kwamba rangi ya kucha inazuia maji ya udhu yasifike panapotakiwa. Kwa hiyo wengi wetu tunapaka zile siku za mwezi tu, siku ambazo hatuswali. Zikiisha tunafuta. Twaha alishaizoea hiyo nyumbani kwake. Akiona kucha nyekundu anajua mkewe yuko kwenye siku zake, haulizi.

Sasa fikiria. Mkeo kakuambia ana mimba. Unarudi safari, unakuta kucha nyekundu.

"Umepaka lini?" Twaha aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini kabisa.

"Juzi. Karibu kwanza mume wangu, weka begi..."

"Kwa hiyo uko kwenye siku zako."

Mwanahawa akacheka. "Siku gani tena na mimi nina mimba? Hii rangi ni mpya, inapitisha maji. Naswali nayo."

Kofi la kwanza lilitua hapo hapo, kicheko hakijaisha mdomoni.

Mimi nilikuwa uani nachambua dagaa. Ngoja niwaambie, Twaha alikuwa mkwe wa adabu. Akijua nipo, anakohoa mlangoni ili nijifunike vizuri, na tangu amwoe mwanangu hajawahi kunitazama usoni. Siku ile hakukohoa. Nilipoingia sebuleni nilimkuta ameubana mkono wa Mwanahawa juu ya meza, na kwa mkono mwingine anatoa begini kile kisu chake kidogo cha kukwangulia mawe.

"Shikamoo mama," akasema bila kugeuka. "Kaa pembeni. Hili ni la mtu na mkewe."

"Marahaba. Weka kisu chini."

"Nikimaliza."

Akaanza kukwangua. Rangi ilitoka vipande vipande, halafu ikaanza kutoka nyama. Mwanangu alipiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia hata siku alipovunjika mkono utotoni.

"Ya kwanza ulisema imetoka yenyewe," Twaha anasema, anakwangua. "Nikanyamaza. Na hii? Hii umeitoa kwa nani?"

"Haijatoka! Mama, mwambie!"

"Twaha baba," nikasema, "mimi ndiye ninayemfulia. Ningeona. Leo asubuhi ametapika mpaka nyongo."

"Wewe ni mama yake. Utasema nini kingine?"

Nikamrukia mkono wa kisu. Akanisukuma kwa kiwiko, nikaangukia kabati la vyombo. Vikombe vya harusi yao vikanimwagikia kichwani.

Ni hapo Mwanahawa akapata akili ya haraka. "Subiri!" akapiga kelele. "Subiri nikuonyeshe! Ukiona maji hayapiti, niue!"

Twaha akamwachia, kama askari anayempa mwizi nafasi ya kujitetea. Mwanangu akachukua kile kichupa kwenye rafu, damu inamchuruzika vidoleni. Akapaka rangi juu ya karatasi ya chooni, akaipuliza mpaka ikakauka, akadondosha tone moja la maji juu yake. Ndivyo Violeth, msusi wake, alivyomwonyesha siku anamuuzia.

Tukainama wote watatu. Tone likakaa juu ya ile rangi, limesimama kama shanga.

"Halipiti," Twaha akasema.

"Linachukua muda kidogo."

"Halipiti."

"Kidogo tu, mume wangu, ukiminya kidogo..."

"Nimesema halipiti! Mimi mtoto wa jana?"

Akaipindua meza. Akamkamata Mwanahawa nywele, nywele zake mwenyewe alizosuka kwa ajili ya kumpokea, akamvuta mlangoni. "Twende kwa huyo Violeth wako. Akaniambie mbele yako ni siku gani alikupaka, na kwa nini."

Wakatoka. Niliiokota ile karatasi sakafuni. Nikaigeuza upande wa chini.

Ilikuwa imelowa.

"Limepita!" nikakimbilia mlangoni. "Twaha! Maji yamepita!"

Hakuna aliyenisikia. Walishafika barabarani.

Ninyi mabinti mnaonisoma, na ninyi mama zao, sisemi msijirembe. Kama ile rangi udhu wake unaswihi au hauswihi, masheikh wenyewe wanavutana, mimi wa darasa la saba siwezi kuwaamulia. Ninachosema ni kimoja. Kabla hujabadilisha kitu ambacho mumeo amezoea kukisoma mwilini mwako, mwambie kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Mwanangu alitaka kumshangaza. Basi, akamshangaza.

Njia ile ya Majengo mnaijua, maduka huku na huku, watu hawakosekani. Mwanamume aliyekuwa anamkataza mkewe kuanika nguo upande wa barabarani, siku ile alimpitisha katikati ya maduka kichwa wazi, kwa kumshika msuko. Watu walitoa simu. Wengine walikuwa wanatafuna mahindi ya kuchoma huku wanapiga picha.

Niliwakuta mbele ya duka la vitenge. Nikavua mtandio wangu nikamtupia Mwanahawa kichwani. Mvi zangu zikabaki nje, wakazipiga picha na zenyewe. Bora zangu.

Nyuma yangu alikuwa anakuja Eufrasia. Huyu ni jirani yao, Mkatoliki, anauza togwa, amekaa na wanangu hao ukuta kwa ukuta tangu waoane. Alikuwa na mchi wa kutwangia mkononi.

"Wewe Twaha! Huyo siyo mbuzi, unampeleka mnada gani?"

"Mama Eufrasia, usiingilie. Haya ni mambo ya dini yetu."

"Dini yenu naijua, nafuturu kwenu kila mwaka! Kumburuta mwanamke kichwa wazi ndiyo sura ya ngapi hiyo? Nisomee!"

Watu wakacheka. Twaha akaongeza mwendo.

Saluni ya Violeth ina vyumba viwili. Cha mbele ni cha kila mtu. Cha nyuma kina pazia zito la kahawia, hakina dirisha, na ndicho kilichomletea wateja Waislamu kutoka mji mzima, maana humo tunavua ushungi tukiwa na amani. Violeth ni Mkatoliki, lakini lile pazia analilinda kuliko sanduku lake la fedha. Hata fundi umeme akija, anasubiri nje mpaka wanawake watoke.

Alituona kwa mbali. Akasimama mlangoni, chanuo mkononi.

"Shemeji, karibu, lakini ishia hapo."

"Huyu ulimpaka kucha lini?"

"Nimewapaka wengi. Mwachie kwanza mke wako nywele, ndipo tuongee kama watu."

"Ulijua ametoa mimba?"

"Ametoa nini?" Violeth akamtazama Mwanahawa, akaviona vidole. "Yesu wangu! Huyu mtu kakufanya nini?"

Twaha akampiga ngumi ya mdomo. Msichana mwembamba yule, akaenda chini na kiti kilichokuwa nyuma yake. Eufrasia akarusha mchi, ukampata Twaha begani, akapepesuka lakini hakuanguka. Akaingia ndani, msuko wa Mwanahawa bado mkononi, akatafuta pa kushika, na mbele yake palikuwa na pazia. Akalishika, akaling'oa pamoja na fimbo yake.

Kelele za wanawake humo ndani sitazisahau. Mmoja alijifunika taulo, mwingine alijificha chini ya meza, mwingine alivuta ndoo akaivaa kichwani.

Mmoja hakuwahi kujifunika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, kichwa wazi, piko mbichi, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi, imejaa nyweleni, mkono mmoja umelazwa juu ya taulo. Kucha za mkono ule zilikuwa nyekundu, mbichi, zinang'aa. Za mkono wa pili zilikuwa bado.

"Mama?" Twaha akasema.

Alikuwa Bi Somoe. Mama yake mzazi.

Twaha akamwachia Mwanahawa nywele. Alimtazama mama yake kucha, akamtazama usoni, akarudi kwenye kucha.

"Mama, si wewe uliyenipigia simu Tunduru? Ukaniambia umeziona kucha za mke wangu, nirudi haraka? Uliziona wapi?"

"Mwanangu, toka nje kwanza, hapa kuna wanawake..."

"Aliziona hapa!" Violeth alikuwa amekaa sakafuni, anatema damu. "Walikaa kwenye viti hivi viwili, siku moja, chupa moja! Na nilimweleza yeye mwenyewe kwamba inapitisha maji. Ametawadha kwenye bomba langu na kucha hizo hizo, akaswali alasiri kwenye mkeka wangu!"

"Muongo wewe!" Bi Somoe akainuka, piko inamtiririka shingoni. "Mimi hedhi ilishanikoma zamani. Napaka nikitaka, nafuta nikitaka. Nani ananihesabia siku?"

"Mkwe mwenzangu," nikamwambia, "mwambie mwanao ukweli. Mbele ya Mungu, mwambie."

"Nimwambie nini? Mimi nilisema nimeona kucha nyekundu. Nilisema uongo? Si zilikuwa nyekundu? Nilimwambia tangu mwanzo aoe kwetu Tunduru, hakunisikia."

Niliuona uso wa Twaha ukielewa. Niliona kabisa. Macho yalimlainika, mkono ukaanza kumwelekea mwanangu, na mimi nikasema moyoni alhamdulillahi, yameisha.

Basi yule mwanamke aliyevaa ndoo akacheka. Labda ni woga, sijui. Akasema, "Jamani! Kaja kumkamata mke, kamkamata mama!"

Wote wakaangua kicheko. Wa ndani, wa nje, wenye simu na wasio na simu. Hata mimi kicheko kilinitoka kidogo.

Aibu ya mwanamume ikikosa pa kwenda, inamwendea aliye karibu. Mwanahawa ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa hajacheka. Alikuwa amenyoosha mkono wenye damu anataka kumshika mumewe bega, anamwambia, "Tumeshaelewana, twende nyumbani."

Twaha akamsukuma kwa mikono miwili.

Nyuma yake palikuwa na lile beseni la kuoshea nywele, la chuma, lenye miguu. Mwanahawa alijipindua ili asiangukie mgongo. Akaangukia tumbo. Ukingo wa chuma ukaingia pale pale.

Hakulia. Alikaa sakafuni, akavuta juba lake akalifunika miguuni, kama mtu anayeona baridi. Juba lilikuwa la rangi ya maziwa. Nililiona linabadilika rangi.

"Mama," akasema polepole. "Nimelowa."

Twaha akatazama. Wallahi, mnaonisoma, kama angenyamaza tu, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini alimtazama mama yake, akawatazama wale waliokuwa wanacheka, akasema kwa sauti:

"Damu hiyo. Si nilisema yuko kwenye siku zake?"

Pembeni yangu palikuwa na jiko la mkaa, na juu yake birika la maji ya kuoshea nywele. Sikumbuki nililichukua vipi. Nakumbuka tu kwamba mpini ulikuwa wa moto na sikuusikia. Nilimmwagia kuanzia sikioni mpaka kifuani, mkwe wangu, mtu ambaye kwa desturi yetu sitakiwi hata kumgusa kanzu.

Alilia kama mtoto mdogo. Akatoka mbio, anajivua shati barabarani.

Eufrasia akambeba Mwanahawa mgongoni, mwanamke yule ana nguvu za ng'ombe, akampakia kwenye bajaji. Violeth akaingia naye, mdomo umepasuka. Njia nzima nilikuwa nimeweka kiganja changu kilichoungua juu ya tumbo la mwanangu, nasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani. Nilisahau katikati. Nikaanza upya. Nikasahau tena.

Hospitalini walimwingiza mwanangu nyuma ya pazia la kijani. Violeth wakampeleka kushonwa mdomo, Eufrasia akaenda kumshika maana anaogopa sindano. Nikabaki peke yangu kwenye benchi, sina mtandio, khanga imelowa damu isiyo yangu.

Daktari alitoka, kijana mdogo, uso umechoka.

"Mama wa mgonjwa?"

"Ni mimi, baba."

"Mtoto yupo. Nimeona moyo wake unapiga."

Nilitaka kumbusu mikono. Akanizuia. "Sikiliza vizuri. Yupo kwa kushikilia. Binti asinyanyuke, asitikiswe, asipandishwe hasira. Akilia sana, akigombana na mtu, damu ikirudi, sidhani kama nitaweza kumwokoa. Kaa naye wewe mwenyewe. Usimwache na mtu anayemtia hofu."

"Siondoki," nikasema. "Hata kwa mtutu."

"Yupo?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Alikuwa Twaha. Shingo imefungwa bandeji, ngozi ya sikio imekuwa nyeupe. Alikuwa amesimama na askari wa kike, na nyuma yao Bi Somoe, amejifunga ushungi mpya mpaka machoni.

"Daktari, yupo? Mtoto wangu yupo?"

"Yupo, ndugu."

Twaha akateleza ukutani mpaka chini. Akalia kwa kwikwi, anajipiga paji la uso kwa ngumi. "Nimefanya nini mimi. Nimefanya nini." Nilimchukia, lakini nilimwona ni mtoto wa mtu. Nikadhani labda Mungu ametupa mlango wa kutokea.

Askari akanigusa bega.

"Ni wewe uliyemwagia mtu maji ya moto?"

"Ni mimi. Lakini muulizeni na yeye alichofanya."

Askari alitenda haki, akaenda akafungua pazia la kijani. Mwanahawa alikuwa amelala chali, vidole vimefungwa bandeji kimoja kimoja.

"Dada, nani kakuumiza?"

Mwanangu akanitazama. Halafu akamtazama mumewe pale chini anavyolia. Macho yake yakalegea kwa huruma, na mimi nikajua tumekwisha.

"Niliteleza," akasema. "Saluni kulikuwa na maji."

"Mwanahawa!"

"Niliteleza, mama. Tafadhali. Daktari kasema nisigombane."

Askari akashusha pumzi. "Basi mama, twende kituoni. Mengine utaeleza huko."

"Daktari kasema nisimwache! Muulize!"

"Mumewe yupo. Mama mkwe yupo. Hajaachwa peke yake."

Nilishikilia chuma cha kitanda. Askari alinibandua kidole kimoja kimoja, taratibu, hata hakuniumiza. Nikaita Eufrasia, Eufrasia alikuwa mbali. Nikaanza kutembea kinyumenyume kwenye ule ukumbi mrefu, sitaki kuwapa mgongo.

Ndipo nilipomwona Bi Somoe anamwinamia mwanawe. Akamfuta machozi kwa pembe ya ushungi. Alidhani siko karibu, au alijua nipo karibu na hakujali.

"Nyamaza baba. Yupo, alhamdulillahi," akamwambia kwa sauti ya kubembeleza. "Lakini hesabu vizuri mwanangu. Miezi hiyo yote, wewe ulikuwa Tunduru."

Kilio cha Twaha kikakatika.

Akainua kichwa. Akamtazama Mwanahawa pale kitandani, na macho yake hayakuwa tena ya mtu anayelia. Akasimama, akaingia.

Nilipiga kelele mpaka koo likapasuka. Askari akanishika kiuno. Na kitu cha mwisho nilichokiona kabla mlango wa ukumbi haujafungwa ni mkono wa Bi Somoe, ule wenye kucha nyekundu, unalivuta lile pazia la kijani kuwafunika wote watatu.